Bwawa la Nyaguthii

Mpendwa Nyaguthii,

Usicheke kwanza. Najua ukiuona mwandiko huu utauliza kama kuku amepita juu ya karatasi na miguu yenye matope. Darasa la nne ndilo nililofika, na hata hilo nililitoka mbio, mwalimu akiwa nyuma yangu na fimbo. Lakini nina neno la kukuambia ambalo siwezi kumwambia mtu wa hapa Mukurweini. Wote wananijua kama mzee wa mzaha, na mzee wa mzaha akilia, watu hungoja sehemu ya kuchekesha. Wakitaka kuisoma barua hii juu ya bega langu, shauri yao.

Tuanze na bwawa. Wewe ungesema tuanze na maombi, lakini leo kalamu ni yangu.

Unakumbuka nilivyorudi nyumbani na ile trekta? Uhuru ulikuwa bado unanuka rangi mpya. Mzungu niliyemfanyia kazi ya udereva kule Naro Moru alikuwa anauza vitu vyake aende kwao, na mimi, badala ya kununua kitanda kama watu wenye akili, nikanunua katrekta kake kadogo ka kijivu. Nilikaendesha mpaka hapa, watoto wa kila kijiji wakinipita kwa miguu. Ulitoka jikoni, ukakazunguka, ukauliza, "Hii ni trekta ama ni mtoto wa trekta?" Tangu siku hiyo ukaniita Dreva, hata kanisani.

Lakini hukucheka ulipojua kazi niliyokaletea. Mito yetu imelala chini kabisa mabondeni, na nyumba zimekaa juu ya migongo ya vilima. Kila siku ulishuka na debe tupu ukapanda na debe limejaa, liko mgongoni, ukanda kichwani, mpaka ule ukanda ukachimba mfereji kwenye paji lako. Nilikuwa naweka kidole pale nikisema mto ukikauka nitachota hapa. Ulinipiga na mwiko, na ulinipiga vizuri.

Kisha mimba ya kwanza ikatoka njiani, kwenye kona ya mwisho kabla ya lango letu, debe likiwa mgongoni. Ya pili hivyo hivyo. Ya tatu ilipoingia, daktari wa Nyeri alitukalisha sote wawili akasema mama huyu asibebe mzigo wowote mpaka mtoto atoke. Kusema ni rahisi. Nani angechota? Mimi nilijaribu asubuhi moja, mwanaume mzima na debe. Wanawake mtoni walicheka mpaka wakakaa chini, na wewe kwa aibu ukanikataza nisirudie. Basi nikasema, kama huwezi kuyaendea maji, maji yatakuja kwako. Tutachimba bwawa la kushika mvua kubwa, kabla haijaanza.

Trekta moja ndogo haichimbi bwawa. Kaka yako Kariuki alikuwa na nyingine kama yangu, ila yake haikuwa na breki. Ikitakiwa kusimama, mtu alirusha jiwe chini ya gurudumu. Tukafanya ngwatio, kama wazee wetu walivyolimiana kwa majembe: trekta zote mbili kwangu, zikimaliza zote mbili kwake, na hakuna wa kumlipa mwenzake ila kwa jasho. Yangu ilivuta jembe la kulegeza udongo. Yake ilifuata ikikokota pipa tulilolipasua katikati na kutiwa mikono na fundi wa kuchomelea kule Karatina, linachota udongo kama mwiko unavyochota ugali. Unakumbuka trekta ikipanda kutoka shimoni na mzigo, pua ikiinuka juu kama farasi mwenye wazimu? Ulisimama ukingoni na tumbo lako ukapiga kelele, "Ninyi wanaume, hiyo kitu inataka uzito mbele! Kariuki, si uko na tumbo? Panda hapo kwa pua!"

Akapanda, kaka yako mzima, akakaa juu ya boneti kama chifu anayepelekwa barazani. Mimi nikashika usukani.

"Shemeji," akasema, "ukiniangusha, dada yangu atakuzika kwa hii shimo."

"Wewe ndiye utazikwa," nikamjibu. "Lakini itabidi tulipanue kwanza."

Ulicheka ukishika kiuno. Nilikuwa nakutazama wewe, si mbele, na karibu nimwangushe kweli.

Tulifika kwenye udongo wa kinamo, ule unaoshika kiatu na kukataa kukirudisha. Kariuki akazima injini akasema panatosha. Na nani akasema hapana? Usijifiche huko uliko. "Ongeza, Dreva. Ongeza kidogo. Maji mingi ndiyo haikauki." Mwanamke aliyepima maji kwa debe maisha yake yote, ukimpa shimo atataka lifike kwa shetani. Na sisi, raha ya kuchimba ilikuwa imetuingia. Tukaongeza. Tukatoboa kinamo chote tukatokea kwenye changarawe, na tukashangilia kwa sababu changarawe ilikuwa nyepesi kukokota. Wajinga watatu kwa shimo moja.

Mvua ya kwanza ikanyesha, bwawa likajaa mpaka magotini. Ulifunga kitambaa cha kwendea kanisani ukaenda kulitazama. Kabla ya Jumapili changarawe ilikuwa imekunywa kila tone, bwawa limebaki na matope na kiatu changu kimoja. Uliangalia tu ile njia ya mtoni.

Dawa ilikuwa moja: kuleta kinamo kingine na kukikandika chini kote. Kinamo kizuri kilikuwa bondeni, mahali ambapo trekta ikishuka na udongo umelowa, haipandi tena. Ikabaki migongo ya watu. Wanawake wa mtaa wakaja kwa ngwatio yao, na vikapu vyao. Nilikuambia ukae. Ulikubali haraka sana, na mimi niliyekuoa ningelishtuka hapo. Nilikwenda Gakindu kutafuta dizeli, na niliporudi nilikukuta katikati ya mstari, kikapu cha udongo mgongoni, ukanda kichwani, matope yakikutiririka mpaka visiginoni.

"Nyaguthii, daktari alisema nini?"

"Daktari hana shamba hapa," ukasema bila kusimama. "Wamama wameacha nyumba zao wakakuja kwangu. Ati mimi nikae kwa stuli niwaangalie kama memsahibu? Siku ingine nikiita, nani atakuja?"

Ngwatio hulipwa kwa mgongo. Mwenye shamba akikaa, imekufa, na yeye amekufa kwa majirani zake. Kila mwanamke wa kilima hiki angefanya vilevile. Na wao walikusihi ukae, nilisikia kwa masikio yangu. Kila aliyekusihi ulimpita ukiwa na kikapu kilichojaa kuliko chake.

Tukaleta ng'ombe na mbuzi wa mtaa mzima wakanyage kile kinamo, wakazunguka na kuzunguka, mbuzi wakilalamika kama kwaya iliyonyimwa chai. Kisha mvua kubwa ikaja, na mtoto akaja nayo, kabla ya wakati wake. Alikuwa msichana. Hakulia.

Asubuhi ile ulilala ukitazama ukuta. Nilikaa kando yako na uji ambao hukuutaka. Nje, vyura walikuwa wameanza kuimba bwawani, na sijui walitoka wapi, maana hatukuwahi kuwa na chura juu ya kilima hiki. Uliwasikiliza sana. Halafu ukauliza, "Maji imekaa?"

Nikasema, "Imekaa."

Ukasema, "Basi."

Na hilo neno moja ndilo tulilosema juu ya mtoto yule, mpaka mwisho.

Hakuna mwingine aliyeingia tena. Wewe mwenyewe ulinitafutia mke wa pili, ukanitajia na ukoo wake. Nikakuambia mwanamke mmoja wa kunigombeza ananitosha, wawili wataniua kwa zamu. Ulicheka. Halafu ukaenda nyuma ya nyumba ukakaa huko muda mrefu, na mimi nikajifanya natengeneza trekta ambayo haikuwa na ugonjwa wowote.

Bwawa nalo halikukauka hata kiangazi kimoja. Watoto wa majirani walikuja na mikebe yao. Uliwafukuza wakitupia vyura mawe, ukawaita tena kabla hawajafika langoni. Wangari, yule wa boma la hapo chini aliyechota maji na viluwiluwi pamoja, ulimsuka nywele kila Jumamosi. Walikuita Tata Nyaguthii, kama shangazi yao. Wanawake wa rika lako wote walikuwa Mama fulani. Ni wewe tu uliyezeeka na jina ulilotoka nalo kwa baba yako. Nami nililitamka kwa mzaha, nikalivuta lirefuke kama mpira, ili lisikuume. Sijui kama lilisaidia. Hukuniambia.

Ulikwenda msimu wa kuchuma kahawa, kifua kikiwa kimekukaba. Nilikupeleka hospitali, nikarudi peke yangu. Hapo siandiki zaidi, ulikuwepo.

Sasa sikia neno lenyewe. Kwetu mtu hafi kabisa akiwa na mjukuu wa jina lake. Msichana wa kwanza ni wa mama ya baba, wa pili ni wa mama ya mama. Wewe uliyeondoka bila mtoto, nani angekurudisha? Niliona wazi kwamba nitakapozikwa, wewe utazikwa mara ya pili. Kisha Wangari, ambaye ameolewa hapo ng'ambo tu, akazaa msichana wa tatu, nyanya wote wawili wakiwa wameshapata haki yao. Akaja na mume wake, akaniwekea kile kifurushi magotini, akaniita babu kama kawaida yake, akasema, "Guka, huyu tunataka kumpa jina la Tata."

Nikakataa. Nilisema jina hilo lina ubishi ndani yake, litawasumbua. Walicheka sana, wakadhani nimekubali kwa njia yangu ya kawaida, wakaenda wakampa. Nyaguthii, haukuwa mzaha. Sikutaka jina lako liitwe juu ya kilima hiki halafu aitike mwingine.

Sasa anakimbia. Wiki iliyopita walikuja kuteka maji, yeye na mama yake, wakapitia nyuma bila mimi kuwaona. Nilikuwa nimekaa nje namenya viazi, mgongo wangu kwa bwawa. Nikasikia sauti ya mwanamke kutoka kule: "Nyaguthii! Wee Nyaguthii, kuja hapa!"

Nilisimama. Viazi vyote vilianguka. Niliangalia jikoni, nikaangalia mlango wa chumba, na mdomo wangu ulikuwa umeshafunguka kukuambia kwamba unaitwa. Halafu katoto kakapita mbio mbele yangu, matope mpaka magotini, kakaitika.

Nilikaa chini. Wangari akaja akaniuliza, "Guka, ni nini?" Nikamwambia kisu kimeniteleza. Akanishika mikono akatafuta mahali pa damu, akageuza huku, akageuza kule, na hakupaona.

Kaa salama, mpenzi. Mkono umechoka na karatasi imekwisha.

Mume wako