Isale Ulilolipokea kwa Niaba Yangu

Baba,

Shikamoo. Najua hutaitika, lakini siwezi kukusemesha bila kukuamkia.

Migomba ya upande wa mfereji imezaa vizuri. Ng'ombe wako mwekundu amezaa jike. Sukari bado tunaipangia foleni, na ile redio yako kaka aliichukua hata arobaini haijafika. Mwanangu Ndeshi, mjukuu wako, anaanza darasa la kwanza Januari. Anahitaji sare, na fundi wa sare hapa kijijini ni yule yule.

Neno la fundi huyo sikuwahi kulitaja tena mbele yako. Nilikuwa na miaka tisa, ukanituma nikapimwe gauni la shule, na fundi akanifanyia nyuma ya pazia lake mambo ambayo mtu mzima hamfanyii mtoto. Nilikuambia siku ile ile. Ulishika panga, nami nikajua nina baba. Jumapili wazee wake wakaja na pombe ya mbege na jani la isale. Fundi akapiga magoti sebuleni, akakiri. Ukalipokea lile jani, maana kwetu akiletewa mtu isale hakatai kusamehe, na likishapokelewa, neno halitajwi tena. Ukaniambia, "Yamekwisha, mwanangu."

Nilikuchukia, Baba. Nilikuchukia huku nikikukatia majani ya ng'ombe. Halafu ukaanza kunisindikiza shule kila siku hadi nikamaliza darasa la saba, kwa njia ndefu ya kule juu, ili tusipite mlangoni kwake. Hukuniambia kwa nini, nami sikuuliza.

Mwezi uliopita nilishuka Moshi, polisi. Askari alikuwa mstaarabu, akanipa kiti. Akahesabu, akapata miaka kumi na saba. Akauliza, "Ulikuwa wapi siku zote hizi?"

Nikamjibu, "Nyumbani kwa baba yangu."

Akaweka kalamu chini. Alisema kesi iliyokaa hivyo hakimu ataitupa, labda apatikane mtu aliyemsikia fundi akikiri kwa kinywa chake. Ukiwatoa watu wake, mliokaa sebuleni ni wewe na baba mdogo. Wewe ndiyo hivyo tena. Baba mdogo nilimwendea mara mbili, akasema hawezi kufukua kilichofunikwa kwa isale, ukoo mzima utalaaniwa. Nililia njia nzima, mtu mzima na mtoto wangu.

Nilimkuta Mama anamenya ndizi za mtori. Nikamweleza. Akamenya nyingine mbili, kisha akasema, "Mimi sikuletewa isale. Nilikuwa mlangoni na kata ya mbege. Nilisikia kila neno."

Hamkumhesabu, Baba. Mlifunga mambo yenu ya kiume mkamsahau aliyekuwa akiwamiminia pombe. Nilimuuliza kwa nini alinyamaza miaka yote hiyo. Akasema hakuna aliyemuuliza, na asingeweza kukuaibisha ungali hai. Nilitaka kumkasirikia, nikashindwa. Nikachukua kisu nikamsaidia kumenya.

Kesho tunashuka naye. Amefua kitenge chake kwa kipande cha mwisho cha sabuni. Huenda askari akarudia kwamba muda umepita, turudi kama tulivyokwenda. Na huenda kesi ikafika kwa hakimu, jina lako likasomwa mbele za watu, kwamba fundi alikiri mbele yako nawe ukanyamaza. Hilo linaniuma kuliko yote, ndiyo maana nimeona nikwambie mwenyewe kabla hujasikia kwa wengine huko uliko. Nisamehe kwa aibu hiyo. Lakini fundi bado anapima watoto, Baba.

Nakuahidi sitadanganya ili nikufiche, wala sitakuchafua ili nishinde. Wewe nimekusamehe, ingawa hukuja kuniomba. Yeye aliombewa msamaha kwako. Kwangu hajafika mpaka leo.

Pumzika, Baba.

Mwanao,
Aikande