Mchumba Alinipa Rili Badala ya Pete, Sasa Naogopa Jumamosi

Mama mshauri, shikamoo. Naomba msaada wako, na kama utacheka basi cheka kwanza umalize ndiyo uendelee kusoma, kwa sababu jambo langu ukilisikia juu juu utasema huyu binti ameshiba, kazi anayo, mchumba anaye, anatafuta nini tena, lakini mimi tangu juzi Jumapili chakula hakipiti kooni na wanafunzi wangu wameanza kuniuliza mwalimu unaumwa.

Mimi ni mwalimu wa kuzamia. Si kuogelea, kuzamia, kule kwa kuvaa mtungi wa hewa mgongoni na mapezi miguuni ukakaa chini ya maji dakika arobaini unaangalia samaki na samaki wanakuangalia. Shule yetu ina bwawa dogo la mazoezi, na mitihani tunafanyia kwenye machimbo ya zamani ya mawe yaliyojaa maji, pamekuwa kama ziwa dogo, baridi lake ni la kukukumbusha dhambi zako. Mchumba wangu ana duka la vifaa vya kuzamia, mlango wa pili kutoka shuleni, na ndivyo tulivyojuana, nilikwenda kununua mkanda wa miwani yangu akaniuzia miwani mipya, tochi na soksi za mpira, maana mama, huyu mtu ana ulimi, anaweza kumuuzia samaki koti la mvua. Yeye mwenyewe hazamii. Maji yakimpita magoti anakumbuka kuna mteja anamsubiri dukani.

Sasa miezi miwili iliyopita alinichumbia, na badala ya pete akanipa rili, akasema pete kila mwanamume anatoa, wewe mtu wa maji nakupa kitu cha maji. Rili, mama, ni kamba iliyozungushwa kwenye gurudumu, ukimaliza kuzamia unaifunga kwenye boya, unalitia boya hewa, boya linaruka mpaka juu huku kamba inafunguka, wenye mashua wanajua kuna mtu hapo chini, nawe unapanda polepole ukiikunja kamba yako. Ya kwangu ya zamani ni kibiringo tu cha plastiki, duara lenye tundu katikati, unakishika kwa vidole viwili, basi. Lakini hii ya mchumba ni habari nyingine, chuma kinang'aa, ina mpini, ina mkono wa kuzungushia, ina komeo, ina kijino cha kuzuia kamba isirudi nyuma, na ubavuni zimechongwa herufi zetu mbili zimekumbatiana. Nililia, mama, sitakuficha.

Wiki ile ile nikashuka nayo machimboni, mita kumi na nane, nikalitia boya hewa, likaruka, kamba ikafunguka mita kumi, kah! kijino kikanasa. Na boya likishajaa hewa halina subira, likaanza kunivuta. Sheria ya kwanza ya kazi yetu, ambayo nawaimbia wanafunzi kila siku mpaka wananiiga sauti, ni kwamba kamba ikinasa achia, rili inanunuliwa, mapafu hayanunuliwi, maana ukipandishwa kasi hewa inatanuka kifuani na inaweza kukupasua. Naijua. Naifundisha. Na mimi sikuachia. Nilivutwa mita nane nimeikumbatia kama mtoto, na wala isingepotea, mama, ingepanda na boya ikanisubiri huko juu, lakini mkono ulikataa kufunguka, kichwani nawaza tu nitamwambia nini mtu wa watu. Mungu saidia nilikumbuka kutoa pumzi njia nzima, nikatoka na kidole kimevimba na sikio moja linalia siku mbili. Nikaenda dukani vile vile, akaniuliza, "Vipi, ya kwetu?" Nikamwambia, "Asante mpenzi, haina mfano."

Hapo ndipo nilipojichimbia. Kesho yake akaagiza nyingine nyingi. Akanipiga picha nimeishika, akaibandika kwenye kioo cha duka imeandikwa MWALIMU ANAITUMIA, WEWE JE? na kwenye picha nimeambiwa niinue dole gumba, walimu wenzangu wakipita wanakufa kwa kicheko, maana chini ya maji dole gumba si "safi", ni "tupande juu". Wanafunzi wangu wako kumi na mmoja, saba wameshanunua. Mimi yangu naitia kwenye begi wakiniona, nikifika majini natoa kibiringo changu kwa siri kama mtu mwenye simu ya pili.

Sasa Jumamosi ni mtihani, kila mwanafunzi atarusha boya lake kutoka mita kumi, na mmoja wao ni mdogo wake mchumba wangu, wifi yangu mtarajiwa, msusi, mcheshi, mtoto wa watu ananiiga mpaka ninavyofunga nywele. Kaka yake amempa rili kama yangu, na herufi zake amechongewa. Jumapili tukiwa bwawani nikamwuliza, wifi, hiyo ikinasa utafanya nini? Akaikumbatia kifuani, akacheka, "Hii ya kaka? Siiachii hata kwa dawa!" Wote wakacheka, mimi nikajifanya narekebisha mkanda wa mtungi.

Mama, nikisema ukweli namuumbua mchumba mbele ya wateja wake, na mama yake ameshafika nyumbani kwetu kuzungumza tarehe. Nikinyamaza, nitakuwa nao majini, lakini mikono ninayo miwili na wao ni kumi na mmoja. Je, nimwambie baada ya harusi? Au niwaambie wanafunzi wakitie kijino mafuta, nisitaje mengine? Nijibu gazetini, na jina langu usilitoe, nitakoma.

Ni mimi, Bibi Harusi Mtarajiwa, Mita Kumi na Nane Chini.

*

Marahaba, binti. Nimecheka kama ulivyoniruhusu, hasa hapo kwa samaki na koti la mvua. Nilipofika kwa wifi yako nikaacha.

Wasomaji, ninyi jibu hili mnalisoma Jumapili. Mwenyewe alilipata Jumatano, kwa simu, kwa sauti yangu hii isiyojua kunong'ona, na amenipa ruhusa niwape. Maana tazameni barua ilivyo: imeandikwa Jumanne, inauliza habari ya Jumamosi, inaomba jibu kwenye gazeti la Jumapili. Binti, kalenda huna? Wewe hukutafuta ushauri, ulitafuta namna ya kuchelewa huku ukisema nilishauliza. Ndiyo maana nilikutwangia simu, kwa namba uliyoiandika nyuma ya bahasha, saa moja asubuhi, na usingenipokea ningekuja mpaka bwawani na kanga yangu.

Pole, lakini. Naisema kwa moyo wote. Kuvutwa mita nane halafu ukaenda kutabasamu dukani, hilo si jambo dogo, na naona hakuna aliyekupa pole kwa sababu hukumwambia mtu.

Haya, pole imekwisha. Unaniuliza kama umwambie baada ya harusi. Harusi ya nani, na wifi akiwa wapi? Wewe mwenye miaka yako kwenye kazi, unayeimba "achia, achia" kutwa nzima, mkono ulikataa kufunguka. Huyo msusi wa watu, siku ya kwanza, na woga wa mtihani, na zawadi ya kaka yake mkononi, wake utafunguka? Ameshakujibu mwenyewe mbele ya darasa. Unaogopa kumvunja moyo kaka, huku unamwachia dada yake apasuke kifua. Na habari ya kutia mafuta sitaki kuisikia tena.

Mimi maji nayajua ya ndoo. Kwa hiyo nilimtafuta mama mmoja aliyestaafu kazi ya kuzamia kukagua nguzo za madaraja, miaka ishirini na sita, nikamsomea barua yako yote. Akauliza, "Huyo ni mwalimu?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Mh." Hiyo mh nakuletea kama ilivyotoka.

Halafu akaniambia ya maana, nami nimeyaandika kwa ajili ya wengine wanaotaka kujaribu. Kifaa cha majini hakichaguliwi kwa kung'aa. Kila kipande kilichozidi ni mahali pengine pa kunasa. Anayejifunza achukue kibiringo cha plastiki, kamba mita thelathini ya rangi inayoonekana, kulabu moja ya chuma kisichoshika kutu, atosheke. Rili yenye mpini na komeo ina wenyewe, wale wanaoingia mapangoni na kamba ndefu, walioizoea mpaka wanaiota. Dukani usiangalie tu, vaa glavu zako, fumba macho, uifungue na kuifunga, kama vidole havielewi irudishe. Kabla ya kushuka nayo kwenye kina, rusha nayo boya bwawani mara ishirini. Na wakati wa kurusha boya, kamba isifungwe mwilini hata kwa nukta moja. Miwani bora ni ile inayoshika uso ukivuta pumzi kwa pua, hata mkanda hujaufunga. Mapezi yasikubane. Hayo majisu makubwa ya kufunga mguuni waachieni wachinjaji. Nilipomwuliza habari ya herufi mbili zilizokumbatiana, alisema hizo hazina kazi yoyote mita kumi na nane.

Hapo na mimi naongeza la kwangu. Marehemu mume wangu aliwahi kuninunulia viatu vilivyopungua namba moja. Nilivivaa miaka miwili nikitabasamu. Yeye hakupata faida yoyote, maana hakujua kuna mtu anateseka kwa ajili yake, na mimi nilipata sugu ambazo ninazo mpaka leo. Kwangu ilikuwa sugu, binti. Kwako ni mapafu, tena ya mtoto wa mwenzio. Mficha maradhi kifo humuumbua, na wewe maradhi umeyabandika kwenye kioo cha duka.

Basi kwenye simu nilikupa kazi hii. Nenda dukani leo, kabla hajafungua, mkiwa wawili. Usianze na rili, usiseme "kitu chako kibovu," maana muuza duka akisikia hivyo anaanza kutetea bidhaa na mtashinda hapo mpaka adhuhuri. Anza na mwili wako. Sema nilivutwa, mita kadhaa, nikaumia, nikaja nikakudanganya. Ukimaliza hapo nyamaza, mwache azungumze. Kisha kusanya darasa, uwaambie mimi mwalimu wenu kamba ilinasa na sikuachia. Watie bwawani mmoja mmoja, kila mmoja aachie mara kumi mbele ya macho yako, wifi aanze. Jumamosi wote watumie vibiringo vya shule, hata mwenye zawadi ya mfalme. Wakikucheka, wakucheke wakiwa hai.

Hayo yalikuwa ya Jumatano. Leo ni Ijumaa, mhariri ananidai ukurasa, na nimepata ujumbe wa binti. Anasema alikwenda. Alimkuta mchumba anapanga mapezi kwenye rafu, akamweleza yote kwa pumzi moja kama alivyoniandikia mimi. Mchumba hakuuliza lolote juu ya rili. Aliuliza, "Mita ngapi?" Akamwambia nane. Mwanamume akakaa juu ya katoni. "Nane," akasema. "Halafu ukaja hapa ukaniambia asante."

Akachukua simu akampigia mdogo wake, akamwambia, "Kile kitu nilichokupa usishuke nacho, nisikilize, usishuke nacho, mwalimu atakupa kingine." Akawapigia wale saba, mmoja baada ya mwingine, warudishe. Picha akaibandua mwenyewe kwa ukucha. Na tangu saa hiyo hajamsemesha binti hata neno, ndiyo sababu ameniandikia tena, anauliza kama uchumba umevunjika.

Nimempigia hapo hapo, nikamwambia: Haujavunjika, mjinga wewe. Mwenzako amegundua kwamba ulikuwa tayari kufa ili yeye asinune. Sasa ananuna, na ana haki yake, mwache anune kwa raha zake. Mpelekee chai, usiombe msamaha mara hamsini, mara moja inatosha. Kesho nenda kawapandishe wanafunzi wako polepole, wote kumi na mmoja. Na ukishaolewa naye, maana utaolewa naye, kitu chake kikikuumiza mwambie siku ile ile, nywele zikiwa bado zinachuruzika maji.