Visu Viwili vya Msumeno Mmoja

Bayou Perdrix, Louisiana
Jumatatu, 20 Oktoba 1947

Kwa dada yangu mpenzi Oméa,

Nakusalimu wewe na shemeji Ovide, na kuku wako pia kama bado unawafuga huko mjini Port Arthur. Kifua cha shemeji kimetulia, au moshi wa kile kiwanda cha mafuta bado unamkohoza? Mwambie achemshe ile mizizi niliyomtumia Pasaka, asiitupe kama alivyoitupa ya mwaka juzi. Niliambiwa. Sisi huku tu wazima. Goti langu huuma mvua ikikaribia, na mwaka huu mvua haijawahi kwenda mbali. Maji yalipanda mpaka ngazi ya pili ya kibaraza, yakachungulia, yakarudi.

Barua yako niliipata wiki tatu zilizopita, na najua umezihesabu siku. Usidhani nimeshindwa na kalamu. Niliishia darasa la nne, lakini Padri mwenyewe amesema mwandiko wangu ni wa mtawa. Nimeshindwa na neno lenyewe la kuandika.

Umesema jeshi limewaletea karatasi mchague: mwanao Clébert aletwe nyumbani kwa meli, au abaki amelala kulekule Normandi na wenzake. Umesema Ovide hutoka nje kila ukiitaja, na karatasi yenyewe inatakiwa irudi kabla ya Krismasi. Ukaniomba nimuulize mwanangu Lézime, kwa kuwa waliruka kutoka ndege moja, pale mahali pakoje, na kama mwanao aliumia. Hilo la mwisho umeliandika pembeni kwa herufi ndogo, kama mtu anayenong'ona.

Nimemuuliza, dada. Nitakueleza yote, ila niache nianze kwa njia yangu, unanijua.

Unajua nilivyojivuna na huyu mtoto. Mwezi wa Julai walimpandisha kwenye gari la wazi, akapitishwa mbele ya kanisa na nishani yake kifuani, nami nyuma yake na kofia mpya. Télesphore wa dukani akaropoka kwamba askari wa miavuli hawaruki, hupigwa teke mlangoni. Nikamwambia mbele ya watu kwamba wangu hakupigwa teke na mtu, na kwamba yeye Télesphore hata ngazi ya ghala lake huishuka kinyumenyume huku ameishikilia kwa mikono yote miwili. Watu walicheka hadi kahawa ikawapalia. Na kile kisu alichorudi nacho Lézime, chenye mpini uliozungushiwa ugwe, nimemwonyesha kila aliyekanyaga jikoni kwangu. Nilikuwa nawaambia hiki ndicho kilichomtoa mwanangu majini. Mwenyewe alinieleza kidogo tu: alipewa na mwenzake, akatua kwenye maji, akakata kamba. Kidogo hicho nilikipika mimi kikajaa chungu kizima.

Basi Jumamosi mimi na Lézime tulikwenda kulipaka chokaa kaburi la Baba na Mama, maana sikukuu ya Watakatifu Wote inakaribia. Mimi nilikuwa nasugua ukungu, yeye anakoroga chokaa. Nikamsomea barua yako, mpaka yale maneno ya pembeni. Hakuinua kichwa. Alikoroga, akaongeza maji, akakoroga, mpaka chokaa ikawa nyepesi kama maziwa na haifai tena. Kisha akakaa kwenye ukingo wa kaburi la jirani akaanza kusema. Alisema mpaka kivuli cha msalaba kikahama kutoka miguuni pake hadi ukutani.

Alisema kule Uingereza walipakwa masizi usoni, wakafungwa mizigo mingi hata wakashindwa kupanda ndege wenyewe. Walivutwa ndani kama magunia ya mchele. Ndani palinuka mafuta ya ndege na matapishi. Walipofika juu ya nchi kavu mizinga ya Wajerumani ikaanza, na ndege ikatikisika kama mkokoteni juu ya magogo. Kijana aliyesimama karibu na mlango akapigwa, akaanguka palepale mlangoni. Hapakuwa na nafasi ya kumsogeza, ikabidi wote walio nyuma wamkanyage ndipo watoke. Lézime anasema alizihisi mbavu chini ya kiatu. Mimi nilikuwa nikijiuliza kwa nini siku hizi akiingia kanisani huiruka ngazi ya kwanza, nikawaambia watu ni ukakamavu wa kijeshi.

Clébert alitoka, yeye akafuata. Rubani alikuwa anaikimbia mizinga, kwa hiyo walikwenda kasi mno na chini mno. Mwavuli ulipofunguka ulimkung'uta kwa nguvu, ukang'oa bunduki, ukang'oa mfuko wa mguuni, ukang'oa hata kile kisu kidogo cha jeshi ambacho kila askari alipewa akiweke kwenye mfuko wa shingoni. Chini aliona malisho yanang'aa kwa mbalamwezi. Akashukuru, akisema leo natua kwenye nyasi. Hazikuwa nyasi. Wajerumani walikuwa wameyafungulia mto malisho yote.

Maji ya kifuani, Oméa. Watoto wetu hawa, walioogelea kabla ya kutembea, na Clébert wako aliyekuwa akizamia kobe wa kinamasi akiibuka amemshika mkia. Lakini mzigo ulikuwa mzito kama mtu wa pili mgongoni, na upepo ulijaza miavuli ukawaburuta, kamba zikiwazunguka. Lézime akiwa chini ya maji alikipata kisu kiunoni, akakata, akasimama akapumua. Anasema kitu cha kwanza alichokisikia ni vyura kunyamaza, kama wanavyonyamaza huku mtu akiingia kinamasini. Halafu akasikia anaitwa, kwa Kifaransa chetu cha nyumbani.

"Lézime. Leta kisu."

Anasema Clébert hakupiga kelele. Alimwita kama walivyokuwa wakiitana kwenye mitego, panya wa majini akinasa.

Lézime akaenda. Tope lilimvuta miguu, na risasi zilipita juu ya maji kila yalipotikisika. Sauti ikaita tena, lakini kutoka upande mwingine, kwa sababu mwavuli ulikuwa unatembea naye. Akageuka akaifuata. Ikaita mara ya tatu, mbali zaidi. Ya nne haikuja.

Alipomfikia, Clébert alikuwa kifudifudi. Mkono mmoja ulifungwa kifuani na kamba. Wa pili ulikuwa shingoni, vidole vimeufikia ule mfuko wa kisu kidogo cha jeshi, kifungo hakijafunguka. Lézime alizikata kamba zote, ingawa hapakuwa tena na haja. Akamshika kichwa juu ya maji mpaka kulipopambazuka, maana hapakuwa na mahali pa kumlaza.

Kwa hiyo hakupigwa risasi angani, dada. Hakufa kabla ya kugusa chini kama ulivyoambiwa. Huo ulikuwa uongo wa Lézime, na mimi niliurudia jikoni kwako nikiwa nimekuwekea mkono mgongoni, nikidhani ni kweli. Umeuliza kama aliumia. Aliumia, na alikuwa na akili zake, na aliita.

Hapo nikamuuliza Lézime swali ambalo natamani ningelimeza. Kwa nini Clébert aombe kisu, naye alikuwa na kile alichotengenezewa na baba yake? Lézime alikichomoa kisu kiunoni, akaanza kuufungua ugwe wa mpini, mzunguko mmoja baada ya mwingine, mpaka ikatokea herufi C.

Unakumbuka Ovide alivyoukata ule msumeno mkongwe wa mbao, akafua visu viwili vya kuchunia, akachoma L kwenye mpini mmoja na C kwenye wa pili. Sasa nawe utauliza, na ni haki yako kuuliza: L ilikuwa wapi?

Ilikuwa chini ya godoro langu.

Ile asubuhi ya mwisho ya likizo yao, Agosti ya mwaka arobaini na tatu, niliitoa kwenye mfuko wa Lézime wakati anakunywa kahawa. Bibi Zulmée alikuwa akisema msafiri akiacha chuma chake nyumbani, chuma kitamwita arudi. Wewe uliyajua maneno hayo kama mimi. Lakini wewe ulikuwa umekaa kwenye ngazi yangu na jiwe la Ovide, unakinoa kisu cha Clébert. Nikakucheka. Nikakuuliza huyo ni mtoto au ni kondoo wa kuchinja, mbona humwombei, unanoa tu. Ukasema, bila hata kuniangalia, "Anakwenda nisikoweza kumfuata. Angalau awe na kitu kinachouma." Nikaona nakushinda kwa mapenzi. Wewe ulimnolea wako, mimi nikamwibia wangu.

Walipofika Uingereza Lézime akakitafuta kisu chake asikione. Siku ya kuruka, mbele ya wenzao wote, Clébert akamtania kwamba mama amemng'oa jino mwanawe asije akamng'ata mtu. Akafungua mshipi, akampa chake. Akasema, "Chukua, mtoto wa mama. Mimi kile cha jeshi kinanitosha, wewe hujawahi kufungua kitu kwa mkono mmoja."

Lézime aliporudi, kitu cha kwanza nilichofanya ni kukitoa kile cha L chini ya godoro, nacheka, nikamwambia unaona, kimekuita. Alikitazama, akapita mlango wa nyuma, akakaa kwenye mtumbwi mpaka jua likazama. Nikawaambia majirani ni furaha.

Miaka yote hii alikuwa ananikinga mimi, si nafsi yake. Jumamosi aliniomba, na uso wake una chokaa, "Mama, mwachie mama mkubwa risasi yake." Nimekataa. Hukuzaa mtoto ili nikupe risasi ya kubuni badala yake.

Kuhusu karatasi, Lézime hataki kukuchagulia. Anasema tu uelezwe hivi. Yeye na wakulima wawili, wazee wanaosema Kifaransa kama cha Bibi Zulmée, walimbeba Clébert juu ya mlango wa zizi hadi kwenye kilima kando ya mji. Alichimba mwenyewe. Udongo ni mkavu, ukienda futi sita huoni maji. Huku kwetu unajua tunavyowaweka wafu juu ya ardhi, na bado mwaka wa ishirini na saba majeneza yalitoka yakaelea. Basi ndivyo palivyo huko na ndivyo palivyo hapa. Mwambie na Ovide.

Kisu cha C kimo ndani ya kifurushi hiki, nimekifunga kwa kitambaa cha Mama. Mshikie Ovide asijikate, bado ni kikali, ulikinoa vizuri. Jana Télesphore aliniuliza kiko wapi kile kisu kilichomwokoa Lézime. Nikamwambia kilikuwa cha Clébert, na nikamwambia kwa nini Lézime hakuwa na chake. Duka zima lilisikia. Hakuna aliyecheka.

Msalimie shemeji kama atakubali salamu zangu. Lézime anakusalimu, ameshika kofia mkononi.

Kaburi la Baba na Mama nimelipaka upande wangu tu. Upande wa mashariki ni wako, kama miaka yote. Nimeuacha na ukungu wake, na ndoo na brashi viko kibarazani. Usipokuja sitaupaka, wala sitamruhusu mtu aupake, na kila mwaka watu wakiuliza mbona kaburi la wazazi wa Azélie ni nusu, nitawaeleza.

Mdogo wako,
Azélie