Swali Nililokuficha

Mama yangu mpendwa,

Ulipokuja Marekani kunitembelea, niliogopa kukuacha peke yako nyumbani Lanham. Nikawa naenda nawe kazini katika mji wa Columbia, kwa yule mzee Myahudi niliyekuwa namuuguza. Nilikueleza kwamba ni profesa mstaafu, na kwamba alifundisha jinsi wanafikra wa Kiyahudi wa zama hizi wanavyofasiri Maandiko. Ulimtupia jicho la pembeni.

"Anasoma Biblia na kalamu mkononi," ulininong'oneza. "Anamsahihisha Mungu?"

Hukumwamini. Haukupita muda, ukaacha kuniamini mimi pia.

Siku moja alisoma habari ya Ibrahimu kumpeleka Isaka mlimani amtoe sadaka. Akasema kwamba kwa wanafikra wake, aya haijafasiriwa mpaka uiulize lile linalokuuma. Na wapo wanaouliza mbona Sara hakushauriwa. Akakugeukia, machozi yanamlengalenga. Mzee naye alikuwa amemzika mwanawe.

"Muulize mama yako, Sara angesema nini?"

Nilimkumbuka mdogo wangu Kamau, na homa yake, na Baba aliyekataa apelekwe hospitali, akisema tutaomba tu. Nyumbani hatukuwahi kulizungumza. Nikakutafsiria kwa uongo, "Anauliza kama umechoka."

Ulinitazama, ukamtazama na yeye. "Mtu halii kwa swali hilo." Kisha, polepole: "Mwambie nimechoka tangu Kamau afe."

Nikamwambia kwa Kiingereza, "Anasema hajambo."

Tukirudi, tulipoingia barabara kuu ukaniuliza, "Wewe unatafsiri au unachuja?"

Nilisingizia ugumu wa Kiingereza. Tangu hapo kila nilichokutafsiria, hata maneno ya keshia dukani, ulikipima mara mbili. Uliondoka duniani ukinishuku, na ulikuwa na haki.

Baada ya mazishi nilirudi kazini, nikamweleza mzee yote. Akafunga kitabu chake.

"Nilijua jibu la mama yako lilikuwa refu kuliko tafsiri yako," akasema. "Ulikuwa unamlinda nani?"

Siku zote nilidhani nakulinda wewe. Kumbe ni Baba.

Jana nilimpigia Baba simu. Nikamuuliza kama siku ile ya Kamau alikushauri.

"Hapana," akasema. "Alikuwa ameshavaa viatu, mtoto yuko mgongoni. Nikafunga mlango, nikaweka ufunguo mfukoni."

Akaanza kulia. Sikumfariji, Mama, na mpaka sasa sijui kama nimekosea.

Kwaheri, mama yangu.

Mimi, kifunguamimba wako