Gesi ya Kathonzweni

Alhamisi, Kathonzweni

Neno moja tu, gesi, lilitaka kuua mpango wa tabianchi wa kaunti, pamoja na bwawa lake la mchanga, la kuhifadhi maji, tulilolisubiri miaka mingi.

Mkutanoni, afisa wa kaunti alisema, "Lazima tupunguze gesi." Mama Mutheu, mwenyekiti wa akina mama, akasimama. "Juzi mlisema tuache makaa, tununue gesi. Sasa tupikie nini, kijana, hotuba yako?"

Ukumbi ukacheka. Wengine wakaanza kutoka.

Mimi huripoti mikutano, sichangii. Leo niliuliza: "Afisa, unamaanisha gesi ya mtungi ama moshi unaochafua hewa?"

"Moshi!"

"Si ungesema tu syuki, Kikamba tunasikia," Mama Mutheu akajibu, akainua mkono kuupitisha mpango. Mikono yote ikafuata.

Bwawa litajengwa! Kwenye habari ya gazeti sikujitaja. Hapa najitaja.