Injini ya Gari Lako na Futi ya Shemeji

Nyumbani, uani kwetu,
Jumapili, tarehe 9.

Mpendwa Kaka,

Shikamoo. Hujambo huko kwenye baridi? Kifua je, kimetulia, au bado unakohoa kama lori la mchanga mlimani? Sisi wazima. Mama mzima, ila goti lake linamtabiria mvua, na halijakosea hata siku moja. Mimi ndiyo usiseme: mwili chuma, meno yote yapo. Moyo tu ndio una kidonda, na umenitia wewe.

Makasha ya gari la kuunganisha wenyewe yalifika salama: chasisi, bodi ya faiba na kitabu cha maelezo. Kila kitu isipokuwa injini. Nikafungua barua yako nikijua nitasoma, "Mdogo wangu, nitafutie injini." Nakuta, "Msaidiane na shemeji." Shemeji! Mume wa dada! Fundi cherehani! Mimi niliyeendesha malori nchi tisa, niliyeshusha injini porini kwa kamba na dua, nikasaidiwe na mtu wa kutia vifungo? Nimeona wivu, Kaka, sifichi. Tena barua tatu umemwandikia yeye, mimi nikaambulia salamu za mwisho wa ukurasa.

Sasa sikia yaliyotokea. Nilianza kwa kupima nafasi ya injini kwa shibiri, kama marehemu Baba alivyopima kila kitu, hadi milango ya nyumba hii. Shemeji kasimama pembeni, futi yake shingoni.

"Shemeji, si utumie futi?"

"Gari si gauni, shemeji. Rudi kwenye mapindo yako."

Mkono wa kulia ulikuwa na kikombe cha chai, basi nikapima kwa wa kushoto: shibiri nne na nusu. Nikaenda yadi ya magari chakavu, nikachagua injini ya silinda sita, dume la injini, ikinguruma mochwari wanaamka. Nikaipima kwa mkono wa kulia: shibiri nne na robo. Nikajisemea, inaingia na paka anapita.

Unakumbuka ile feni ya lori iliyokula ncha ya kidole gumba changu cha kushoto? Mimi nilisahau.

Tulipoishusha kwa mnyororo, imezidi vidole vitatu. Mbele radieta haina pa kukaa, nyuma injini inagonga ule ukuta wa miguuni kwa dereva. Mwenye akili angeitoa. Mimi, kwa vile shemeji alikuwa ananitazama, nikashika grenda nikaukata ukuta. Ndiyo, wa gari lako. Na bado haikuingia: bakuli la oili likakalia vyuma vya usukani.

Shemeji hakucheka. Hilo ndilo linaloniudhi kwake, hacheki hata pale ambapo mimi ningegaragara chini. Kesho yake alinirudisha yadi ileile, akanionyesha kigari kilichogongwa nyuma, mbele kizima kabisa.

"Tuchukue injini, giaboksi, waya na kompyuta yake, vyote vya gari moja," akasema. "Suti huwezi kushona koti kitambaa hiki, suruali kile."

Silinda nne, Kaka! Injini ya kuendea sokoni! Akaipima kwa futi mara mbili, akaandika kiganjani. Haya, iliingia kama mguu kwenye soksi. Jana asubuhi tumepiga stata, ya pili ikawaka. Mama akapiga kigelegele, watoto wa dada wakamrukia baba yao shingoni. Mimi nikabaki na spana yangu mkononi kama mgeni aliyekosea arusi.

Pale nilipokata, fundi wa kuchomelea amepaziba kwa bati. Pako imara, ila pana kovu. Jana jioni nikamkuta shemeji ndani ya gari lako, kapiga magoti, anashona zulia la kulifunika.

"Hili halina haja ya kuandikwa, shemeji," akaniambia taratibu. "Kaka hataliona."

Nilikasirika nusura nilie. Kanishinda kwa injini, kanishinda kwa kipimo, sasa anishinde na kwa utu? Thubutu! Ndiyo maana nakuandikia leo, kabla hajamaliza uzi. Ukifika mwezi ujao, funua zulia upande wa dereva. Kovu hilo ni langu. Injini ni chaguo lake, mshukuru, anastahili. Lakini nati zinazoishikilia nimekaza mimi, zote, na hakuna hata moja itakayolegea.

Mama anakusalimu, anasema uje na soksi nzito za goti. Dada na wanawe wanakusalimu. Shemeji naye angekusalimu, ila hajui kama naandika. Mungu akufungulie njia na akufikishe mzima.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye kuliko fundi cherehani yeyote.