Kifaru cha Shule na Nyundo ya Kengele

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha polisi, Wilaya ya Kakamega
Jumamosi, tarehe 18 Oktoba 1980

Jina: Philemon Shikanga
Umri: miaka 38
Kazi: mchoraji wa mabango na maandishi ya magari
Makazi: Malava, karibu na soko

Mimi ndimi niliyetajwa hapo juu. Kazi yangu ni rangi. Tangu miwa ishike bei, kila mwenye trekta anataka jina lake mlangoni na maua kwenye trela, kwa hivyo mwaka huu sijakosa kazi.

Mnamo tarehe 13 mwezi huu niliitwa na Bwana Makhanu, Mwalimu Mkuu wa shule ya msingi iliyo katikati ya mashamba ya miwa. Shule hiyo ina kifaru cha vita uwanjani. Kilitoka vita vya Uhabeshi, kikaletwa Lugari na mzungu mwenye shamba aliyekitumia kung'oa visiki. Alipoondoka, wazazi walikiburuta hadi shuleni. Kila sikukuu hupakwa rangi mpya juu ya ile ya zamani. Mwalimu aliniambia Jumatatu kuna wageni. Alitaka nitafute alama zake za vita, nizichore upya zilivyokuwa, ili aweze kuwaeleza kilipigana wapi.

Nilikwangua kwa wembe na mafuta ya taa. Aliyepaka ile kijani ya juu hakuwa fundi, alikuwa adui wa rangi. Chini yake nilipata bluu ya shule, kisha nyeupe, kisha rangi ya mchanga, na hapo pembetatu nyekundu yenye namba. Nilifurahi kupita kiasi. Walimu wote walikuja kuitazama, tukapeana mikono.

Leo, saa sita kasorobo mchana, niliingia ndani ya kifaru na tochi kutafuta alama zaidi. Ukutani, mahali pa kuwekea makombora ya mzinga, nilikwangua nikapata picha mbili, zimechorwa na mtu anayejua kazi. Kombora la kwanza lilikuwa jeusi tupu, na chini yake imeandikwa kwa Kiingereza kwamba ni la mazoezi. La pili lilikuwa na mkanda mwekundu karibu na ncha. Hilo limeandikwa kwamba limejaa baruti, lisigongwe.

Mkanda ule niliujua. Niliuona Jumatano kwenye nyundo ya kengele ya shule.

Naomba nieleze. Kengele ya shule ni gurudumu la kifaru hicho, limening'inizwa kwenye mkaratusi. Nyundo yake ni chuma kizito kilichotolewa ndani ya kifaru hicho hicho, kikapakwa bluu ya shule. Bluu imebanduka karibu na ncha. Nyundo hukaa jikoni kwa Mama Zilpah Awinja, mpishi, kando ya moto, isiibwe wala isishike kutu. Yeye ndiye mpiga kengele.

Nilikimbia jikoni, nyundo haikuwapo. Ndipo kengele ikalia.

Hiyo ni kengele ya chakula, na watoto hukimbilia palepale inapolia. Leo walikuja shule nzima kufanya mazoezi ya nyimbo. Nilitaka kupiga kelele, nikaona Mama Zilpah akishtuka ataiangusha. Nikatembea. Sijui niliwezaje.

Nilimwambia, "Mama, nipe hiyo nyundo."

Akasema, "Wewe kazi yako rangi, mimi yangu kengele. Hii mimi ndio napiganga tangu Mwalimu akiwa mtoto hapa." Akagonga tena. Niliusikia mlio ule mpaka kwenye meno.

Nikamwambia, "Jumatatu wageni watakuona umeshika kitu kimebanduka hivyo? Wacha niipake sasa, ikauke."

Aliitazama, akaona aibu. "Basi paka vizuri," akasema, akaniwekea mikononi. Ilikuwa bado ina joto la jiko.

Nilipita nayo katikati ya watoto. Mmoja alinyoosha mkono, nikamwambia rangi mbichi. Niliilaza ndani ya shamba la miwa, mbali, kisha nikaenda kumtafuta Mwalimu Mkuu.

Nilipomweleza Bwana Makhanu, alikaa chini kwenye nyasi na suti yake. Baadaye akasema, "Shikanga, zilikuwa mbili." Ya pili aliwapa watu wa kanisa moja la Lugari, waliokuwa wakigonga kengele yao kwa jiwe. Nilimuuliza kama ilikuwa na mkanda mwekundu. Alisema hakumbuki, waliipaka rangi kwanza, ipendeze.

Walimu wamebaki wakilinda shamba, wakata miwa wasiingie. Mimi nimeletwa na trekta ya miwa, nayo ilikuwa na mzigo, imetembea kama konokono. Naomba mtu aende Lugari sasa hivi. Mwalimu anasema kila Jumamosi saa kumi wanapiga kengele kuita kwaya. Kanisa ni lile la mabati mekundu, karibu na ghala la zamani la mzungu. Afisa ameniomba nirudie maneno hayo. Nimerudia.

Hayo ndiyo niliyoyaona na kuyashika kwa mikono yangu miwili, na sikuongeza kitu.

Sahihi: P. Shikanga

Maandishi ya afisa: Shahidi amesomewa maelezo yake, amekubali ni sahihi. Yalianza kuandikwa saa tisa na robo na Konstebo Kibiwott. Alipoandika kuhusu mabati mekundu, aliweka kalamu chini, akatoka mbio na kuondoka na gari la kituo bila kumngoja dereva. Mistari ya mwisho nimeiandika mimi. Nimejaribu simu ya Lugari, haijibiwi. Mpiga kengele wa kanisa hilo ni mama yake Kibiwott.

Koplo Oduor, saa tisa na dakika arobaini.